Novozym 435 katika karakana ya Lubumbashi: nzuri kwa krimu, ghali kwa mengine

Asidi ya sulfuriki si ngeni Katanga, migodi ya shaba huitumia kwa wingi. Anayetoa pesa nyingi kununua kimeng'enya kama Novozym 435 kiunge asidi ya mafuta na alkoholi ziwe esta, kazi ambayo asidi hiyo nayo huifanya, lazima awe na sababu. Sababu ni rangi na harufu. Asidi hubabua mafuta, esta inatoka na rangi ya kahawia, kisha uue ukali wa asidi kwa magadi na kuiosha esta, na hapo maji na mafuta hushikana kama maziwa yakakataa kutengana.

Novozym 435 ni lipesi B (kimeng'enya cha mafuta) ya hamira ya Candida antarctica, iliyonatishwa kwenye punje za akriliki za milimita 0.3 hadi 0.9. Umahiri wake unaonekana kwenye setili palmiteti, nta nyeupe inayoyapa mafuta ya kupakaa uzito. Kilo 1 ya asidi ya palmitiki huchukua gramu 945 za alkoholi ya setili na gramu 40 hivi za punje, kwa nyuzi 70, bila kiyeyushi. Itatoa gramu 70 za maji, na maji hayo ndiyo adui: yakibaki, kimeng'enya kinarudi nyuma na kuivunja esta kile kile kilichoiunga. Pampu ya kunyonya hewa iyatoe, shinikizo lishuke hadi milibari 50 au 100.

Hapa wengi huilaumu pampu bure. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ina milibari 880 tu. Saa ya shinikizo inayohesabu kuanzia sifuri ya hewa ya nje haitafika bari -0.95 hata pampu ikiwa mpya, -0.80 ni sawa na milibari 80, inatosha kabisa.

Koroga kwa kasia la mota ya juu, taratibu. Sumaku ya kukorogea inayozunguka chini ya chombo husaga punje kama mawe ya kinu, na unga huo hupenya kitambaa cha kuchujia. Pima kiwango cha asidi kwa KOH (hidroksidi ya potasiamu), kwa miligramu za KOH kwa kila gramu: huanza karibu 112, kikishuka chini ya 2.5 umefika asilimia 98 hivi, basi chuja nta ikiwa bado ya moto.

Isopropili palmiteti, esta ya asidi ile ile na isopropanoli, ni habari nyingine. Pampu itaondoka na isopropanoli yako pamoja na maji. Tumia zeolaiti ya 3A, punje zinazonyonya maji, gramu 400 hivi kwa kila kilo ya asidi, iliyokaushwa kwanza kwenye tanuri.

Mawese mekundu yaliyotoka kwenye kinu yasiguse punje hizi. Utomvu wake huziba vitundu. Hata yaliyosafishwa, ukiyatia methanoli ili kupata dizeli, yote kwa mkupuo mmoja, kimeng'enya kinakufa. Hata ukiigawa mara tatu, gliserini inayotoka kwenye mafuta itazivika punje ngozi ya kunata. Kwa dizeli ya mawese hesabu hailipi, afadhali potasi badala ya kimeng'enya.

Punje zilizotumika usizioshe kwa maji ya sabuni: lipesi imenata tu, haikufungwa kwa kemia, itaondoka na povu. Hifadhi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na chupa ikitoka iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko, hasa msimu wa mvua, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone juu ya punje.