UNI-T UT210E: mita ya kubana kwa gari linalonyonya betri likiwa limeegeshwa

Gari likiachwa bandari ya Mwanza Kaskazini, mwenyewe akapanda meli ya Nansio na kurudi siku ya nne, miliampea 200 tu zinatosha kuilaza betri. Hizo ni ampea 0.2; mara saa 24 ni ampea-saa 4.8 kwa siku. Siku nne ni kama 19. Betri ya IST au Probox yenye ampea-saa 45, tena iliyochoka, haipigi stata baada ya hapo. Gari zima likishalala linatakiwa livute chini ya miliampea 50.

Kwa kumsaka mnyonyaji huyo UT210E inafaa sana, ila soma herufi ya mwisho kabla hujalipa. UT210D inafanana nayo, lakini kipimo chake cha chini ni ampea 20 na inasoma kwa hatua za miliampea 10. E ina kipimo cha ampea 2, hatua ya miliampea 1. Mita za kubana zinazopima AC (umeme geu, kama wa nyumbani) pekee hazina kazi hapa kabisa, maana betri hutoa DC.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba terminali haiguswi. Ukichomoa hasi ili uunge mita ya kawaida, kontroli boksi zinaanza upya na huenda kasoro ikajificha; mtu akipiga stata, fyuzi ya mita imekwenda. Hii unaibana tu kwenye waya wa hasi. Zikitoka nyaya mbili kwenye terminali hiyo, zibane zote kwa pamoja.

Fungua boneti na mlango wa upande wenye boksi la fyuzi, kisha sukuma komeo la mlango kwa bisibisi, au bonyeza swichi ya mlango kama iko kwenye nguzo, ili gari lidhani umefungwa. Funga kwa rimoti, ipeleke mbali, subiri dakika 30 hadi 40. Hapa mita inakera: hujizima baada ya dakika 15 hivi. Washa huku umebonyeza SELECT, haitajizima.

Udhaifu halisi ni sifuri yake. Kihisi kinaathiriwa na usumaku wa dunia, kwa hiyo bonyeza ZERO taya zikiwa pembeni ya waya, zimeelekea vilevile zitakavyokaa ukipima, na urudie kila baada ya dakika chache. Ikisoma miliampea 15 usiiamini. Ikisoma 180, kuna kazi.

Usikimbilie kuchomoa fyuzi, maana kuirudisha kunaweza kuamsha gari. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vitobo viwili vya mgongoni mwa fyuzi. Ya ampea 10 inayopitisha miliampea 300 huonyesha takriban 2 mV. Isiyopitisha kitu hukaa sifuri. Kwenye magari ya mtumba ya Japani anza na redio, navigesheni, kifaa cha ETC (cha kulipia barabara kule Japani) kilichosahaulika na traka iliyofungwa baadaye.

Fyuzi zote zikiwa sifuri na mita iliyobana waya wa hasi bado inasoma, bana waya mnene wa alteneta injini ikiwa imezimwa. Ukiona miliampea mia kadhaa, dayodi ya alteneta, inayozuia umeme wa betri usirudi ndani yake, inavuja, na hilo halionekani kwenye boksi la fyuzi la ndani hata ukilipima lote.

Kwa fundi umeme wa magari, inunue. Kwa mwenye gari moja, mita ya kawaida na njia ya milivolti vinatosha.