Mswaki wa mti: hodari wa meno ya mbele, mgeni kwa magego

Siku ya Ijumaa, nje ya misikiti mikubwa ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hakosekani muuza vijiti vya mswaki aliyevipanga kando ya kofia, tasbihi na udi. Ramadhani ikiingia, wateja huongezeka. Wapo wanaonunua kijiti na kuuacha kabisa mswaki wa plastiki. Wapo pia wanaokipita wakidhani ni cha ibada tu, hakina la kufanya na afya ya meno. Tunavyokipima sisi, kijiti hiki ni kifaa kizuri sana cha pili.

Mti wenyewe wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na kinachouzwa hasa ni mizizi yake. Ukiutafuna mbichi una ukali kama wa figili, kwa kuwa mna mafuta ya jamii moja na yale ya haradali, na mafuta hayo hudhoofisha bakteria wa kinywani. Mna pia silika, chembe ngumu zinazosaidia kung'oa madoa, na tanini inayokaza fizi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake kwa jamii ambazo ni desturi yao, kwa hiyo sifa zake si maneno ya muuzaji tu.

Ubora hutofautiana mno hata ndani ya fungu moja. Kizuri kina unene wa kidole kidogo au pungufu kidogo, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na ukikipinda hupinda bila kukatika. Kwaruza ganda kwa ukucha: ndani pawe peupe au njano hafifu, na harufu ikupande puani. Kikiwa chepesi, kimesinyaa na hakinuki, kimekaa juani siku nyingi. Nyuzi zake zitakuwa ngumu kama za fagio na zitakuchana fizi. Vile vya kutoka Pakistan vilivyofungwa ndani ya nailoni isiyopitisha hewa hubaki laini kwa muda mrefu, lakini pakiti ikishafunguka, faida hiyo imekwisha. Kavu kidogo huokolewa kwa kulowekwa majini saa chache. Ukikiacha majini siku kucha, ukali unaishia kwenye maji.

Menya ganda sentimita moja tu, kisha tafuna ncha taratibu mpaka nyuzi zitengane. Kishike kama kalamu, kwa sababu ukikikamata kwa kiganja utatumia nguvu kupita kiasi. Meno ya juu piga kutoka kwenye fizi kushuka, ya chini kutoka kwenye fizi kupanda. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza: husugua kulia na kushoto kama fundi anayepiga msasa, tena meno ya mbele yale yale, mara tano kwa siku. Baada ya miaka fizi hurudi nyuma, shingo ya jino hubaki wazi, na maji baridi yakigusa hapo meno yanaingia ganzi. Fizi iliyorudi nyuma hairudi yenyewe. Nyuzi zikichoka, zikate na umenye ncha mpya. Saa 24 zinatosha kwa ncha moja. Kijiti kisichofunikwa mfukoni mwa kanzu hukusanya vumbi, hivyo kitie kwenye kifuko safi, au kwenye friji kama unayo.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye umbo. Nyuzi za mswaki wa plastiki zimesimama ubavuni mwa mpini, ilhali za kijiti zinaelekea mbele kama mkuki. Meno ya mbele kwa nje zinayafikia vizuri, lakini upande wa ulimi wa magego hazifiki ila kwa mtu mwenye subira ya pekee. Nyuma ya meno ya mbele ya chini nako ni shida, na ndipo penye midomo ya vijia vya mate chini ya ulimi, kwa hiyo ukoga usiposuguliwa huko hugeuka haraka kuwa ugaga mgumu kama chokaa. Ugaga hauondoki kwa kijiti, mkaa, ndimu wala chumvi. Huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Katikati ya jino na jino, tumia uzi wa meno. Fizi zikitoka damu usiache kusafisha, maana mara nyingi damu inatokana na ukoga uliobaki. Safisha kwa upole, na damu ikizidi wiki mbili nenda ukaonwe.

Pungufu la pili ni floraidi, madini yanayoimarisha meno. Iliyomo kijitini ni kidogo mno kuzuia meno kutoboka. Kwa hiyo kijiti kitumike mchana, kabla ya sala au baada ya chakula. Usiku kabla ya kulala, na mara moja nyingine kwa siku, tumia mswaki laini wa plastiki na dawa ya meno yenye floraidi kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 na 1500 kwa dakika mbili, uteme bila kusukutua kwa maji. Wakati wa mfungo, mara hiyo ya pili iwe baada ya daku, hasa ukila tende, kwani mchana mate hupungua na sukari iliyobaki haina wa kuisafisha. Dawa yenye picha ya kijiti kwenye boksi isikudanganye. Soma ubavuni kama floraidi imeandikwa.

Mtoto mdogo hatufikirii kumpa kijiti, kwani nyuzi hukatika na kunasa kwenye fizi. Chini ya miaka 3 apakiwe dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, na kuanzia miaka 3 hadi 6 ya njegere, mzazi akimsugua mwenyewe na kumfundisha kutema. Walio Arusha na kandokando ya Mlima Meru, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi kiasi cha kuacha meno na rangi ya kahawia, wamuulize daktari wa meno kabla ya kuchagua dawa ya mtoto, na maji yake ya kunywa yatoke kwenye chanzo kilichopimwa.