Uzoefu wangu na dripu ya pipa: inafanya kazi, lakini hesabu maji kwanza

Niko upande wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, na hii dripu ya pipa, yaani laini za kumwagilia tone kwa tone kutoka kwa pipa, nimeitumia tangu ule ukame mrefu mpaka sai, kwa hivyo si mambo ya kusikia kwa watu. Kama hukuwa Ukambani wakati huo, mvua ya Oktoba 2020 ilikosa, ya Machi 2021 ikakosa, na ikawa hivyo hivyo msimu baada ya msimu mpaka 2022 ikaisha, mahindi yanafika magotini yanakauka, mbuzi wanauzwa bei ya kutupa, na sukuma ambayo mtu hukata tu nyuma ya nyumba ikawa ni ya kununua sokoni na imetoka mbali imenyauka. Hapo ndio nikauza mbuzi mmoja nikanunua seti. Pesa ya huyo mbuzi ndiyo ilikuwa bei yake, bila pipa, pipa nilikuwa nalo.

Ndani unapata laini tano za mita 15, bomba la kugawa maji, valvu, filta ndogo, konekta chache za kuunganisha laini na karatasi ya maelezo ya Kiingereza ambayo mama mkwe wangu aliitumia kuwashia jiko na hatukupoteza chochote. Matundu yako kila sentimita 30, so laini moja inabeba miche kama 50, zote 250. Pipa la lita 200 linakaa juu ya stendi ya mita moja, unafungua valvu, basi. Hakuna pampu, hakuna stima. Watu wakisikia dripu wanafikiria mashamba ya maua ya Naivasha ama Waisraeli, na ni kweli kampuni ya dripu ya Netafim ilianza kule Israel 1965, lakini hizo za mashamba makubwa husukumwa na pampu. Hii yetu inasukumwa na uzito wa maji peke yake. Ndio maana stendi ikiwa fupi ama shamba likiwa na mteremko, miche ya mwanzo inakunywa inashiba na ya mwisho inalamba.

Kujua kama umeweka sawa ni rahisi, usingoje mpaka majani yakwambie. Chukua vikopo viwili vinavyofanana, chimba kidogo chini ya tundu la kwanza weka kimoja, kingine chini ya tundu la mwisho, fungua maji nusu saa, halafu linganisha. Vyangu vilitofautiana kidogo sana kwa zile laini zilizolala kufuata usawa wa shamba, lakini ile moja iliyokuwa inapanda kuelekea kwa mwembe, kikopo cha mwisho kilikuwa na maji ya kufunika tu tako lake. Nikaigeuza ikatulia.

Sasa mazao. Sukuma na spinachi zimenipendeza sana, terere pia. Maji yanaingia pale kwa mizizi tu, katikati ya mistari kunabaki kukavu kwa hivyo magugu ni machache, na ukifunika tuta na nyasi kavu jioni unakuta udongo bado una ubaridi. Nyanya zilikuja vizuri, majani hayaloi kwa hivyo ukungu ulipungua, lakini utitiri unapenda kiangazi kuliko hata sisi na tumbili wanajua siku nyanya inaiva kabla yako. Mahindi usijaribu na pipa moja, utajichosha bure. Hii ni ya mboga za nyumbani na za kuuza kidogo, si ya kujaza ghala, na yeyote anayekuuzia akisema ni ya kumaliza njaa ya familia nzima anataka pesa yako. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, utautafuta kwingine.

Kitu ambacho hawakwambii dukani ni hesabu ya maji. Pipa moja kwa siku ni lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20. Kwa kopo nilikuwa nikimaliza karibu mara mbili ya hiyo kwa matuta hayo hayo na bado jua la saa sita linaangusha miche, kwa hivyo kuokoa inaokoa kabisa, hapo sina maneno. Lakini kuokoa maji si kuleta maji. Mtungi wa mkokoteni wa punda ukiwa shilingi 20, hayo ni mia mbili kwa siku, na wakati ule mbaya kabisa tulikuwa tunaununua 50, hiyo ni mia tano kila siku kwa sukuma ambayo haiwezi kukurudishia hata nusu. Yaani ukinunua maji ya punda kumwagilia, wewe ndio unalisha punda. Kwangu iliwezekana kwa sababu tuko na tanki la lita 10,000 la maji ya paa na kisima cha kuchimba kwa mchanga wa mto, ule mto mkavu, si mbali sana. Tanki likijaa peke yake ni siku 50 za pipa moja. Mvua yetu ya maana ni ya Oktoba mpaka Disemba, kwa hivyo ukianza dripu mapema Januari, mwezi wa pili ukielekea kuisha tanki liko chini na mvua ya Machi bado ni ya kuomba. Ndio ujue unapanda lini na miche mingapi. Mimi kuanzia hapo nafunga laini mbili, nabaki na tatu, afadhali miche 150 inayokula kuliko 250 inayosikitisha.

Na mtu wa kubeba maji naye ahesabiwe. Mtungi uliojaa ni kilo 20, na huuinui mpaka kiunoni tu, unainua mpaka mdomo wa pipa ambalo tayari liko juu mita moja. Mara kumi. Kwenye picha za matangazo utaona mama anacheka kando ya pipa, hajashika mtungi. Sisi tulijenga ngazi ya mawe, halafu tukasogeza stendi karibu na njia ili mkokoteni urudi kinyumenyume mpaka ubao wake uguse stendi, mtu anamimina akiwa amesimama juu ya mkokoteni. Mama mkwe sasa anajaza bila kuniita.

Maji ya kisima huku yana chumvi, na hapa kuna jambo linalochoma watu wengi bila wao kujua. Dripu inasukuma chumvi mpaka ukingo wa ule mduara uliolowa, unaona kabisa pete nyeupe juu ya udongo. Mche uko sawa kwa sababu uko katikati. Sasa ikinyesha rasharasha ya kwanza kila mtu anafurahi anafunga valvu, kumbe mvua ndogo kama hiyo inairudisha ile chumvi ndani mpaka kwa mizizi, siku chache baadaye majani yameungua pembeni na mtu anasema amerogwa. Mvua kidogo ikinyesha, acha dripu iendelee kutiririka. Mvua kubwa ikija ya kuosha kabisa ndio ufunge. Na kama maji yako ni ya chumvi sana sahau maharagwe na vitunguu, spinachi ndio inavumilia.

Chumvi hiyo hiyo inaziba matundu. Kila wiki nafungua mikunjo ya mwisho wa laini naacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe, na filta naiosha kila nikijaza. Pipa lifunikwe, mwanga ukiingia unafuga ukijani ndani. Maji ya sabuni ya kufulia usiweke, wala yale maji ya samadi, hiyo mwagia kwa kopo. Kindi nao hutoboa laini wakitafuta maji, wakati wa kiangazi siwalaumu, nikawawekea bakuli kando na mashimo yakapungua ingawa hayakuisha. Jembe ndio adui mkubwa zaidi, waambie watoto.

Kwa hivyo konekta ni lazima ziwe karibu, na hapo ndio shida ilipo. Hizi seti si ngeni Kenya, KARI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, walikuwa wakieneza zile za ndoo miaka ya 90, ndoo ya lita 20 na laini mbili. Huku kwetu kuna mradi uliwahi kuletea kikundi cha kina mama seti za bure, picha zikapigwa, tisheti zikagawanywa, na laini ya kwanza ilipokatika hakukuwa na duka lolote mjini lenye konekta ya saizi ile. Leo laini zile zimefungia ua la mbuzi, zingine watu wanaanikia nguo. Si ati kina mama ni wavivu kama nilivyosikia mtu akisema kwa mkutano. Kitu cha bure kisicho na spea kinakufa tu. Kabla hujalipa, ingia kwa agroveti iliyo karibu nawe na konekta mkononi uulize kama wanayo. Kama hawana, tafuta seti ya saizi ambayo wanayo.

Yangu mimi filta ilipasuka msimu wa kwanza na aliyeniuzia alinizungusha kwa simu mpaka nikachoka, sitamtaja, nikanunua nyingine kwa hadiwea ya kawaida na imekaa. Laini zenyewe ni nyembamba, ukizitoa mvua ikija ukazikunja na kuzining'iniza mahali panya hawafiki zinakupeleka misimu kadhaa, ukiziacha kwa jua zinakatika kama mkate mkavu. Nyota naipa nne.

Kuongeza laini sitaongeza kwa sasa. Pesa ya spinachi ya msimu huu nimeiweka ya gata ya kukinga maji ya paa, manake bati la upande wa nyuma ni kama mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 tu hapo ni lita 1,000, na mpaka leo zinaishia kwa barabara.