Ripeakiti ya Zenith 36IV kwenye Land Rover 109: kizuri, kibaya, na kisichokuwemo

Nimeifunga ripeakiti hii, yaani pakiti ya vipuri vya kukarabatia, kwenye kabureta mbili (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) za Zenith 36IV, zote za Land Rover 109 Series III zenye injini ya petroli ya lita 2.25. Ugonjwa ulikuwa mmoja: gari halikai sailensa (halingurumi kwa utulivu likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta), ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na ukizungusha skrubu ya mchanganyiko, ndani au nje, injini haishtuki. Naipa nyota tatu kati ya tano. Gasketi zake (za kuzibia maungio) ni safi, nido (sindano inayofungua na kufunga petroli) ni safi, oringi (pete ya raba ya kuzibia) ni mbovu. Na kama uso wa kabureta, pale kifuniko kinapokutana na kilicho chini yake, umepinda, hakuna kitu kwenye pakiti hiyo kitakachokusaidia. Wengi wanafunga vifaa vipya, moshi unabaki palepale, kisha wanang'oa Zenith nzima iliyokuwa inahitaji msasa tu.

Nililipa shilingi 70,000 pamoja na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam, maana kwenye maduka ya spea niliyopita hapa Mwanza sikuipata. Ndani kuna gasketi ya kifuniko, gasketi ya kukalia manifoldi (bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini), nido na kikalio chake, washa zake (pete bapa), dayaframu ndogo ya kubana matumizi na oringi moja. Jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, hazimo, na sizilalamikii. Jeti ya zamani ikisafishwa inafanya kazi kama mpya, ilimradi hakuna aliyewahi kuichokonoa kwa waya wa chuma. Tundu likishakwanguliwa limepanuka, halirudi tena.

Kabla ya kufungua pakiti, kagua uso. Chini ya kifuniko cha juu kuna bloku iliyobeba jeti, pampu ya resi (inayoongeza petroli ukikanyaga mafuta) na floti (boya linaloelea kwenye petroli). Oringi inakaa kati ya bloku hiyo na kifuniko, ikizunguka njia kuu ya petroli. Mwili wa kabureta ni aloi laini ya zinki, joto la manifoldi linaupiga kutoka chini kila siku, na mafundi wanakaza skrubu za pembeni kwa nguvu zote. Miaka inavyokwenda, pembe zinavutwa chini na katikati panaacha mwanya. Oringi inakosa kubanwa, petroli inavuja kupitia hapo bila kupimwa na jeti. Ndiyo maana skrubu ya mchanganyiko haifui dafu: injini inakunywa mafuta yasiyopita kwake.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso, mulika tochi kwa nyuma, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Ya milimita 0.05 ikipita, uso umepinda. Kwenye kabureta moja ilipita hata ya 0.20. Kwa fundi vioo omba kipande cha kioo cha milimita 6, kilaze mezani, juu yake weka msasa wa maji namba 400 na maji yenye tone la sabuni. Toa kila kilichofungwa kwenye kifuniko, paka uso wino wa maka peni, kisha usugue kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Kila baada ya mizunguko kumi geuza robo, la sivyo utaula upande mmoja. Wino utafutika kwanza pembeni. Ule unaobaki katikati ndio unaokuonyesha bonde lilipo. Ukifutika wote, malizia na namba 600. Uso uliopinda zaidi ulinichukua dakika 40. Uso wa bloku nao usugue hivyo hivyo.

Tafadhali usizibe mwanya kwa silikoni. Petroli inaivimbisha, inamenyeka vipande, na vipande hivyo safari yao inaishia kwenye jeti.

Usafi nao una mipaka yake. Kwenye magari yanayolala karibu na ziwa nimezoea kukuta unga mweupe chini ya chumba cha floti, laini kama unga wa muhogo. Huo ni ulikaji wa zinki: tangi lisilojaa linavuta unyevu, maji yanazama chini ya petroli na kukaa hapo wiki nzima gari likiwa limeegeshwa. Natumia mashine ndogo ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, ya lita 3, maji ya nyuzi 50 na sabuni ya vyombo, dakika 10 kila upande. Dayaframu, oringi na floti haziingii humo. Siki na ndimu naziepuka kwa sababu asidi inaila zinki na kuiacha nyeusi, na sabuni kali za magadi ni mbaya zaidi. Ukitoa tu, suuza kwa maji ya moto na upulize kila tundu kwa kompresa papo hapo. Tundu ambalo hewa haitoki upande wa pili bado halijasafishika, hata kama nje panang'aa.

Floti izamishe kwenye maji ya moto. Mapovu yakitoka, ina tundu. Itabeba petroli, itazama, na kabureta itafurika.

Kuhusu nido ya pakiti hii, angalia washa. Zipo za unene tofauti, na unene ndio unaoamua usawa wa petroli: nene inaushusha, nyembamba inaupandisha. Pima ile ya zamani kabla hujaitupa.

Oringi ndiyo iliyoiondolea nyota. Ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani iliyokwisha kubonyea, kwa hiyo haibanwi hata uso ukiwa sawa. Nilitafuta nyingine ya raba inayostahimili petroli, inayochomoza kidogo tu juu ya mfereji wake. Baada ya hapo skrubu ya mchanganyiko ikaanza kuitika. Ikaze taratibu hadi iguse, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha tafuta sailensa injini ikiwa ya moto. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo gari lililopangwa Dar es Salaam huku litalewa petroli. Lipange upya.

Nyota nyingine imeondoka kwa sababu hakuna bushi (vikalio vya mviringo) za shafti ya throto, yaani mhimili wa kilango cha hewa. Nyunyizia kidogo dawa ya kabureta kwenye ncha za shafti injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Kwenye injini hii ekzosi iko upande uleule, chini ya kabureta, basi mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi.

Baada ya kwenda Kigongo na kurudi, plagi zilitoka na rangi ya kahawia, na kilima cha Bugando gari lilipanda bila kumisi (kukatakata mlio). Siku mbili baadaye kaza tena skrubu za kifuniko, injini ikiwa imepoa, kwa kupishanisha pembe, na kwa bisibisi fupi isiyokupa nguvu nyingi.