Risasi ya kuchomea: ipi ununue, ipi uiache dukani

Msimu wa korosho ukifunguka, meza yangu hapa Mtwara hujaa redio, amplifaya na taa za sola, na risasi ya kuchomea, ule waya unaoyeyushwa kuungia vifaa vya umeme, huisha upesi kuliko chumvi jikoni. Ukifika dukani ukasema tu "nipe risasi", utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Soma kwanza maandishi ya kwenye roli.

Ya kwanza kwangu ni 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37. Inayeyuka kwa nyuzijoto 183 na kuganda papo hapo, bila kupitia hali ya uji. Hapo ndipo inapoizidi 60/40, ninayoiweka ya pili: hii inaanza kulegea kwenye 183, inakuwa maji kabisa karibu na 190. Mkono ukitikisika katikati, kiungo kinatoka cha kijivu, na kesho redio inarudi inakwaruza. Kwa nyaya za spika, 60/40 inatosha. Zote mbili chukua ya milimita 0.8 yenye rozini ndani, ule utomvu unaoisaidia kushika, na nawa mikono kabla ya kula.

Ya tatu haina madini ya risasi: bati 99.3, shaba 0.7. Inataka nyuzijoto 227, kwa hiyo pasi dhaifu ya kuchomea itakutesa. Ila kwa bomba la shaba la maji ya kunywa, usiguse nyingine.

Ya nne ni bati 42 na madini ya bismuthi 58, inayeyuka kwa 138. Nzuri kwa vitu vinavyoungua haraka. Mimi iliniaibisha. Nilirudishia nayo transista ya amplifaya ya shughuli moja Mikindani, juu ya risasi ya zamani niliyoona uvivu kuikwangua. Bati, bismuthi na madini ya risasi vikikutana, mchanganyiko unaweza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 96 tu! Saa nne usiku, ngoma imekolea, spika kimya. Nilipofungua, mguu wa transista ulikuwa unacheza kama jino la mtoto.

Ya mwisho ni ile nene ya mafundi bati, inayotumiwa pamoja na asidi. Asidi inakula shaba ya bodi, na kwa unyevu wetu wa pwani hutachelewa kuona ukijani. Kuyeyusha chubwi za nyavu ndiyo usithubutu: madini ya risasi matupu yanataka nyuzijoto 327.

Ukiwa na shaka na roli, omba kipande kifupi ukijaribu kwa pasi yako. 63/37 njema inatiririka na kukauka iking'aa.