Gaziantep: makumbusho nyota tano, kampuni iliyonipeleka hata moja haistahili

Hasira yangu haijapoa. Nilifika Gaziantep, kusini mashariki mwa Uturuki, kwa ajili ya Makumbusho ya Mozaiki ya Zeugma, na humo nilimtaka mmoja: yule wanayemwita Binti wa Kijipsi, sura ya kale iliyotengenezwa kwa mozaiki, yaani vijiwe vya rangi.

Amewekewa chumba chake, giza totoro, taa inammulika yeye tu. Nywele zimefungwa kitambaa, hereni zinaning'inia, na macho, jamani, yale macho! Ni vijiwe vidogo vidogo vilivyopangwa, lakini ukisogea kushoto anakutazama, ukisogea kulia bado yuko na wewe. Nilihisi machozi yananilengalenga.

Mara muongoza watalii wetu akapiga makofi. Makofi, mle ndani! "Haya, haya, basi linasubiri." Nikamwomba kwa adabu aniongezee dakika chache. Akanisema mbele za watu, eti picha zimejaa kwenye simu, nikamtazamie huko. Na hilo basi lilikuwa na haraka ya kwenda wapi? Dukani kwa mazulia! Tulikalishwa huko, chai juu ya chai, bei juu ya bei, mpaka jua likazama.

Hakutuambia kwamba vipande vya sakafu ileile ya mozaiki alimotoka huyo binti viliporwa vikauzwa Marekani, chuo kikuu cha Bowling Green State, Ohio, kikavinunua mwaka 1965, na vikarudishwa 2018. Vimo humohumo, alitupitisha kama tunakimbizwa! Wala hakugusia bwawa la Birecik, lililozamisha sehemu ya Zeugma, mji wa kale zilikotoka mozaiki hizo, mwaka 2000 huku wachimbaji wakishindana na maji ya mto Frati. Yote nimeyasoma mwenyewe usiku hotelini.

Mwanzo niliandika kwamba Gaziantep msiende. Nimefuta. Mji umenikosea nini? Watu wake walipigwa na tetemeko la Februari 2023, hata ngome yao ya kale ikabomoka sehemu, na bado muuza vitamutamu vya baklava alinikaribisha kama mgeni wa nyumbani kwake. Mlinzi wa makumbusho naye alimkunjia uso yule bwana kwa yale makofi. Nendeni, tena mkae kutwa nzima, ila chukueni teksi.

Kampuni nilitaka kuipa nyota mbili, maana dereva alikuwa mstaarabu. Lakini nilipodai fedha zangu wamenijibu kwamba watanipunguzia bei safari ijayo. Safari ijayo na nani? Hizo mbili nazo nazirudisha.