Ofisi ya msaada wa sheria iliyonisimamia bosi alipokata rufaa: nyota nne

Nawapa nyota nne, ya tano nimeibana kwa sababu ya simu tu. Hii ni ofisi ya msaada wa sheria wa bure hapa Marekani, zipo nyingi na baadhi zinapata hela kutoka Legal Services Corporation iliyoanzishwa na Bunge lao 1974, mimi niliipata kwa kupiga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, na kueleza kwamba shida yangu ni rufaa ya mafao ya kukosa kazi.

Kwa ambao hayajawakuta: umefukuzwa, umeomba mafao, umekubaliwa na hela imeanza kuingia, halafu unapokea barua kwamba bosi wako wa zamani amekata rufaa anataka ufutiwe. Nilijiuliza huyu bwana si tumeshaachana, anatafuta nini tena? Kumbe ni kodi. Mfuko wa mafao unachangiwa na waajiri, na kampuni ambayo watu wake wengi wamelipwa mafao inapandishiwa kiwango, kwa hiyo wengine wanapinga madai kama utaratibu tu na wanalipa kampuni nyingine iwafanyie hiyo kazi. Baada ya kuelezwa hivyo nikaacha kuona ni chuki binafsi, presha ikashuka.

Cha kwanza walichoniuliza hata sio kwa nini nilifukuzwa, waliuliza kama bado najaza fomu ya kudai mafao kila kipindi. Jaza tu hata kama rufaa iko njiani, maana unaweza kushinda na zile wiki ambazo hukujaza usilipwe. Na kama ulishakubaliwa, malipo hayatakiwi kusimamishwa eti kwa kuwa mwajiri amekata rufaa, hilo Mahakama ya Juu ya Marekani ililimaliza 1971 kwenye kesi inayoitwa Java, iliyotoka California. Ila bosi akishinda wanaweza kukudai urudishe, so usizile zote kwa raha zako.

Sasa maandalizi, hapa ndo nyota zao zimetoka. Mimi nilikwenda na mafaili, meseji za miaka, jinsi meneja alivyokuwa ananisema mbele za watu, nani alipendelewa zamu nzuri, nikaanza kumwaga. Yule dada wakili akanisikiliza kidogo akasema yote hayo weka pembeni, niambie tukio la mwisho lililokufukuzisha, tarehe, nani alikuwepo, nani alisema nini. Nikajibu, akasema fupisha. Nikafupisha, akasema bado. Nilikasirika jamani, naona kama mtu hanijali, mpaka aliponieleza kwamba jaji wa rufaa haamui kama meneja ni mtu mbaya wala kama walikuonea, anaangalia kama ulifanya kosa la kukunyima mafao. Na kosa lenyewe sio kila kosa. Majimbo mengi yanafuata kesi ya Wisconsin ya 1941, Boynton Cab dhidi ya Neubeck, kwamba lazima iwe umedharau kazi kwa makusudi, kutokuwa hodari au uzembe wa kawaida wa mara moja moja hautoshi. Ukifukuzwa, wa kuthibitisha ni mwajiri. Ukiacha kazi mwenyewe inageuka, wewe ndo unaonyesha ulikuwa na sababu nzito.

Kwangu walidai sikutokea zamu. Mimi nilikuwa na picha ya skrini ya ratiba kabla haijabadilishwa usiku, na wakili akahakikisha inatumwa kwa jaji na kwa kampuni kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kusikilizwa ni kwa simu na huwezi kumuonyesha mtu picha kwenye simu ya sauti. Akanikumbusha pia kuomba mkalimani wa Kiswahili mapema, hulipii. Kuna watu wanaona aibu kuomba eti Kiingereza wanakijua, lakini unaapishwa na kila kitu kinarekodiwa, hapo sio mahali pa kubahatisha.

Siku yenyewe meneja aliyenifukuza hakuja. Alikuja mtu wa HR, idara ya mambo ya wafanyakazi, anaongea vizuri kweli, anasoma faili. Wakili akamuuliza maswali mawili tu. Wewe ulikuwepo? Hakuwepo. Ratiba nani aliibadilisha? Hajui, imeandikwa kwenye faili. Wakili hakuendelea, akanyamaza, ningekuwa mimi ningegombana hapo mpaka jioni na kuharibu.

Uamuzi ulikuja kwa barua, mafao yakabaki.

Lawama zangu: simu yao unaning'inia hapo kwenye muziki mpaka unachoka, na wakili nilipewa ikiwa imebaki siku chache tu. Wanachukua kwanza wenye tarehe ya kusikilizwa, kwa hiyo piga barua inapofika, usisubiri. Pia kila mtu aangalie vizuri muda wa jimbo lake, Texas siku za kukata rufaa ni 14, California ni 30, na ukishindwa wewe saa inaanza kuhesabu upande wako. Bosi wangu naye bado ana nafasi ya kwenda bodi ya juu, ila wameniambia huko wanasoma zaidi kilichorekodiwa kuliko kupokea ushahidi mpya, na wakienda wao wataendelea kunisimamia.